Gari Likizima Barabarani Nairobi: Betri, Injini Iliyochemka na Watu Watakaokuzunguka

Gari likizima katikati ya Jogoo Road saa kumi na mbili jioni, hasara yenyewe huwa bado ni ndogo: betri iliyokwisha nguvu, fyuzi ya feni, mpira wa maji uliopasuka. Hasara kubwa huletwa na dakika kumi zinazofuata. Hapo ndipo dereva anapofungua kifuniko cha rejeta kwa mkono mtupu, anapogeuza nyaya za jampa (za kuazima umeme wa betri ya gari lingine), au anapomkabidhi mtu asiyemjua ufunguo kwa sababu matatu zilizo nyuma zinampigia honi. Kwa hiyo shughulikia kwanza mahali ulipo, kisha watu, na gari lenyewe liwe la tatu.

Toka njiani ungali na mwendo

Gari linapokata nguvu huwa bado linabingirika. Utumie huo mwendo kabla haujaisha. Washa indiketa ya kushoto, tazama kioo, sogea pembeni. Taa za hazadi ziwashe ukishafika pembeni. Ukizitangulizia, kwenye magari mengi walio nyuma hawataona kwamba unataka kuhamia kushoto. Injini ikiwa imezima, usukani utakuwa mzito na breki itakupa nguvu ya mara mbili tatu hivi kabla ya kuwa ngumu, basi ikanyage mara moja kwa uthabiti na usiipigepige. Ufunguo usiuchomoe kabla gari halijasimama, maana usukani unaweza kujifunga.

Kwenye Thika Road lenga barabara ya kando inayopita karibu na vituo vya matatu. Kwenye Uhuru Highway au Haile Selassie hakuna kando ya kusema, hivyo kama kuna kituo cha mafuta mbele, jikokote hadi hapo: kuna taa, kuna maji, kuna walinzi. Gari dogo kwenye tambarare husukumwa na watu wawili bila shida likiwa nyutro. Tatizo ni otomatiki iliyokufa betri, ambayo gia yake hukataa kutoka kwenye P. Magari mengi kutoka Japani yana kitufe kidogo kando ya mkono wa gia, kimeandikwa SHIFT LOCK, wakati mwingine kimefunikwa na kibandiko cha plastiki unachokitoa kwa ncha ya ufunguo. Kanyaga breki, bonyeza kitufe, vuta gia hadi N. Kitafute leo gari likiwa limeegeshwa nyumbani, si siku ya mvua na giza.

Expressway, ile ya juu kutoka Mlolongo hadi Westlands, ina mambo yake. Boda boda, tuktuk na waenda kwa miguu hawaruhusiwi huko, kwa hiyo fundi wako wa kawaida anayekuja kwa boda na mfuko wa spana hawezi kukufikia. Barabara hiyo ina wahudumu wake wa doria na magari ya kuvuta. Weka namba yao ya dharura kwenye simu kabla ya kupita kizuizi cha tozo.

Ukishasimama, toa laifuseva, zile pembetatu za kuonya. Sheria inataka uwe nazo, lakini huwa zimelala chini ya mizigo kwenye buti. Tembea ukiyatazama magari yanayokuja, uweke moja angalau hatua 50 nyuma, na mbali zaidi kama uko nyuma ya kona au juu ya kilima. Matawi ya miti kila dereva wa Kenya anajua maana yake, na mchana yanafaa kuongezea. Usiku hayang'ai, hivyo usiyategemee. Ukiondoka, yaokote.

Abiria watoke kwa milango ya kushoto wasimame mbali, nyuma ya ukingo wa chuma kama upo. Watu hupenda kubaki ndani kwa kuhofia wezi. Kama gari limetoka kabisa barabarani na mahali penyewe hapaeleweki, jifungie ndani na upige simu. Lakini kama sehemu yoyote ya gari bado iko kwenye lami, hatari kubwa ni lori linalokuja nyuma, na kujifunga ndani hakutakusaidia.

Watakaokuja

Hutakaa dakika tano peke yako. Wengi watakaokuja ni watu wema; Nairobi ina madereva wa matatu ambao watasimamisha gari lenye abiria ili wakupe jampa, wakatae hata shilingi. Lakini kuna na wengine, na hawana alama usoni.

Mchezo wa zamani ni huu: mtu anakuonyesha kwa kidole kwamba gurudumu linayumba au kwamba kuna moshi chini ya gari, na huhisi chochote kwenye usukani wala dashibodi. Mshukuru kwa mkono, endelea hadi kituo cha mafuta, ukague ukiwa huko. Ukisimama pale pale, mtu mmoja ataingia chini ya gari na kutoka na mkono wenye oili ambayo hujui ilitoka wapi.

Fundi wa barabarani akija, mambo matatu yasemwe kabla boneti haijafunguliwa: bei ya kuangalia, bei ya kazi, na kwamba kitu kilichoondolewa utarudishiwa mkononi. Ufunguo ubaki kwako. Milango ya nyuma na buti vifungwe. Akisema anahitaji kwenda Kirinyaga Road kununua kipuri, usimtumie pesa za M-Pesa aende peke yake. Piga simu dukani, ulipe duka, kipuri kije na boda. Fundi mkweli hatakasirika. Ukiona unazungukwa na watano wanaozungumza kwa wakati mmoja, funga boneti na useme kaka yako yuko njiani na gari la kuvuta. Uongo huo mdogo nauruhusu.

Kukiwa na majeruhi au kitisho, polisi ni 999 au 112. Ambulensi ya Msalaba Mwekundu ni 1199.

Haliwaki: sikiliza kabla ya kulaumu betri

Piga starta mara moja tu, usikilize. Ukisikia tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zikififia, betri imekwisha nguvu au terminali imelegea. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zimebaki kali, mshuku starta. Kama injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki, betri ni nzima: angalia mafuta, fyuzi, au taa ya alamu ya ufunguo kwenye dashibodi. Watu hununua betri mpya kwa tatizo la pampu ya mafuta.

Kabla ya kumwomba mtu jampa, shika terminali kwa mkono uizungushe. Isisogee hata kidogo. Ikisogea, spana ya namba 10 ndiyo dawa kwenye magari mengi ya Japani, na pengine safari itaendelea hapo hapo. Kama kuna unga mweupe au wa kijani, umwagie maji ya moto, au soda kama ndiyo iliyopo, kisha ukwangue na kukaza. Usiuguse kwa mkono halafu ukajipangusa macho. Ndani ya betri mna asidi ya salfuriki.

Sasa jampa. Hakikisha gari linalokusaidia lina betri ya volti 12. Matatu za abiria 14 na magari madogo ni sawa, lakini malori na mabasi mengi hutumia volti 24, na hiyo itaunguza vifaa vya gari lako. Magari yasigusane. Yote mawili yawe yamezimwa. Halafu:

1. Waya mwekundu: ncha moja kwenye chanya (+) ya betri iliyokufa.
2. Ncha nyingine ya mwekundu kwenye chanya ya betri nzima.
3. Waya mweusi: ncha moja kwenye hasi (−) ya betri nzima.
4. Ncha ya mwisho ya mweusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Boliti ya kushikia injini inafaa. Chuma kilichopakwa rangi hakifai.
5. Washa gari lenye betri nzima, liache lingurume dakika tano hivi, kisha piga starta ya lako. Likikataa, ngoja tena kabla ya kurudia. Usishikilie starta zaidi ya sekunde kumi.
6. Likiwaka, toa nyaya kwa kurudi nyuma: ya mwisho kuwekwa iwe ya kwanza kutoka.

Hatua ya nne ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa kubana mweusi moja kwa moja kwenye hasi "pia huwasha". Huwasha, ndiyo. Lakini betri hutoa haidrojeni, na ile cheche ya muunganisho wa mwisho ndiyo hutaki iruke juu yake. Betri iliyopasuka au kuvimba usiijampi kabisa.

Mwenye haibridi asome hapa. Nyingi zina betri ndogo ya volti 12 iliyofichwa nyuma, ndani ya buti au chini ya kiti cha abiria, na ndiyo hiyo inayokufa, si ile kubwa. Inaweza kupokea jampa. Baadhi zina terminali ya kazi hiyo chini ya boneti, ndani ya kisanduku cha fyuzi. Lakini usitumie haibridi kumjampi mwenzako, na nyaya za rangi ya chungwa usiziguse wala usiruhusu mtu aziguse.

Kusukuma ili liwake ni kwa gia za mkono tu: gia ya pili, klachi chini, gari lishike mwendo, achia klachi kwa haraka kisha kanyaga tena. Kama dashibodi haina hata taa moja, msihangaike. Injini inayopuliziwa mafuta kwa umeme (injeksheni) inahitaji umeme kiasi ili kompyuta yake iamke.

Limewaka? Usilizime. Tazama taa ya betri kwenye dashibodi. Ikibaki inawaka, alternata haichaji, na unachoendeshea ni umeme mdogo uliobaki: zima eisi (kiyoyozi), redio na chaja ya simu, na uende kwa fundi wa karibu, si nyumbani Kitengela. Ukifika, fundi apime kwa mita. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma karibu volti 12.6, injini ikinguruma unataka kuona kati ya 13.8 na 14.4. Wako mafundi wanaopima alternata kwa kuchomoa terminali gari likiwa linanguruma. Wakataze kwa sauti. Enzi za kabureta wengi walifanya hivyo. Leo umeme ukiruka ghafla unaunguza kompyuta ya gari, ambayo bei yake inanunua betri nyingi.

Na ukilazimika kununua betri, soma herufi ya mwisho kwenye ile ya zamani, L au R. Inaonyesha upande wa terminali. Ukikosea, waya hautafika, au mtu ataulazimisha. Nenda na betri kuukuu. Maduka mengi hukupunguzia bei.

Gari limechemka

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, si 100. Injini nyingi hufanya kazi karibu na 90. Kinachozuia maji yasichemke ni presha iliyofungiwa na kifuniko cha rejeta, pamoja na kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini. Sasa chukua gari lenye maji ya mfereji matupu na kifuniko ambacho mpira wake umekauka, uliweke kwenye msongamano wa Mombasa Road saa nane mchana. Ndiyo maana kifuniko, kipuri cha bei ndogo kuliko vyote hapo mbele, ndicho cha kwanza kukishuku, na ndicho cha mwisho kubadilishwa na watu wengi.

Mshale wa geji ya joto ukianza kupanda lakini mvuke haujatoka, zima eisi, fungua vioo, washa hita hadi mwisho na feni yake yote. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili na huondoa joto la injini. Tafuta pa kusimama. Mshale ukifika kwenye nyekundu, au mvuke ukitoka, au gari likakosa nguvu, simama na uzime pale pale penye usalama. Kilomita moja ya "nifike tu hapo Bellevue" yatosha kupindisha silinda hedi, na hapo umeacha bili ya mpira wa maji umeingia bili ya injini. Uwe macho pia na mshale unaoshuka ghafla huku gari likinuka joto: maji yakiisha kabisa, sensa huwa inapima hewa na huweza kukudanganya.

Fungua boneti kwa kuvuta kitasa kutoka ndani, lakini usiinyanyue kama mvuke unamwagika. Ngoja nusu saa kwa uchache. Rejeta iliyochemka ni chupa ya soda iliyotikiswa: kilichomo kinangoja tu upenyo. Ukishaweza kuushika mpira mkubwa wa juu bila kuungua, na ukiubonyeza unalegea, weka kitambaa kizito juu ya kifuniko, geuza robo tu, acha ipumue hadi iwe kimya, ndipo ubonyeze na kukitoa. Uso wako usiwe juu yake. Mikono mbali na feni pia, maana ya umeme huweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa.

Wakati unangoja, tafuta chanzo. Swali moja husaidia kuliko yote: lilichemka likiwa limesimama au likiwa kasi?

Lilichemka kwenye jamu na likapoa ulipopata upepo: ni feni. Fungua kisanduku cha fyuzi, mchoro wake uko ndani ya kifuniko, tafuta fyuzi ya feni na rilei yake (swichi ndogo ya umeme). Mara nyingi rilei ya honi ina umbo na namba zile zile, zibadilishane. Feni ikizunguka, umepata ugonjwa, na utafika nyumbani bila honi. Nairobi, bila honi, kazi kwako.

Lilichemka likiwa mwendoni, au likipanda mlima wa Waiyaki Way kuelekea Kangemi: maji yamepungua, rejeta imeziba, thermostati imekwama, au pampu ya maji imechoka. Chungulia chini uone dimbwi. Maji safi yasiyo na rangi yanayodondoka upande wa abiria huenda ni ya eisi tu. Yenye rangi ya kijani au ya waridi ni kulanti. Angalia mipira kwenye maungio, na angalia mkanda kama bado upo.

Halafu kuna dalili mbaya: moshi mweupe mzito wa ekzosi usioisha, mapovu kwenye rejeta injini ikinguruma, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki. Hiyo ni gasketi ya hedi. Usiliwashe tena. Ita la kuvuta.

Kuongeza maji: yasiwe baridi juu ya chuma cha moto, huenda kikapasuka. Injini ikishapoa, tia kidogo kidogo. Maji ya chupa anayouza kijana kwenye jamu yanatosha kwa dharura; ya mtaroni yana mchanga, yaache. Yakijaa, washa injini kifuniko kikiwa wazi, acha hewa itoke kwa mapovu, ongeza tena, funga. Mpira uliotoboka ufunge kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, uukaze sana. Ukanda huo utakupeleka kwa fundi polepole, macho yakiwa kwenye geji, na usimame kila mshale ukisogea. Mtu akitaka kukutilia yai bichi au binzari ndani ya rejeta, mkatalie. Litaziba tundu, ni kweli, pamoja na mifereji myembamba ya rejeta na ya hita.

Mvua

Gari likizimia ndani ya maji usilipige starta. Hata mara moja. Kama injini imevuta maji kupitia njia ya hewa, pistoni hujaribu kuyabana, nayo hayabaniki, na kinachopinda ni konrodi, fimbo inayoshika pistoni. Lisukume litoke, chomoa terminali ya hasi ukiweza kuifikia salama, liende kwa fundi likiwa limezimwa. Maji yakiwa bado yanapanda, liache gari, okoa watu.

Pancha

Kwa ufupi, kwa kuwa kila mtu hudhani anajua. Handibreki, jiwe nyuma ya gurudumu la upande wa pili, legeza nati kabla ya kuinua jeki, kaza kwa kuvuka msalaba, kaza tena gari likiwa chini. Tairi nyembamba ya spea isiende zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kama nati moja ina kichwa tofauti na zingine, inahitaji soketi yake maalumu; ukinunua gari la mtumba, iulizie siku hiyo hiyo.

Kuvutwa

Angalia kwanza bima yako: nyingi za komprehensivu zina huduma ya kuvutwa hadi kiwango fulani, na wanachama wa AA Kenya wana yao. Kama unalipa mwenyewe, taja kutoka wapi hadi wapi, na mkubaliane bei kwa ujumbe wa simu kabla ndoano haijafungwa. Kamba ni kwa gari la gia za mkono, mwendo mfupi, ufunguo ukiwa umewashwa ili usukani usijifunge. Otomatiki ikiburutwa magurudumu ya kuendesha yakiwa chini, gia huzunguka bila oili kusukumwa, ikaungua. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lipande juu ya lori bapa, ndiyo njia salama.

Kabla halijapanda, piga picha pande zote nne, kilomita zilizo kwenye dashibodi na geji ya mafuta. Toa stakabadhi, laptopu na rimoti ya geti. Andika namba ya usajili ya gari linalokuvuta, itume kwa mtu wa nyumbani, na kama kuna nafasi mbele, panda ukae na dereva.